Kile ambacho kamera iliacha: Hell's Gate kwa baiskeli ya umeme

Kabla mgeni hajafunga mkanda wa helmeti, swali huwa limeshatoka: "Angelina Jolie alisimama wapi?" Akiwa na watoto, la pili hufuata hapo hapo: "Na jiwe la Simba ni lipi?" Mimi ni mwongoza watalii na fundi wa baiskeli hapa Naivasha, na siku hizi sipokei kundi lolote bila kuulizwa moja kati ya hayo mawili. Siyajibu papo hapo. Mgeni akinivumilia kilomita nane za kwanza, atakuwa ameona mengi ambayo filamu haikuyaonyesha, na mara nyingi huwa amebadilisha swali mwenyewe.

Niweke msingi kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iko Kaunti ya Nakuru, kusini mwa Ziwa Naivasha. Ilianzishwa mwaka 1984, ina kilomita mraba 68 na ushei, na ni miongoni mwa hifadhi chache za taifa nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Sehemu ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, filamu ya Angelina Jolie iliyotoka mwaka 2003, ilirekodiwa humu. Miaka zaidi ya kumi kabla yake, wakuu wa kikosi kilichotengeneza katuni ya Simba, The Lion King ya mwaka 1994, walikuja kutembea humu humu ili wayajue mazingira kabla ya kuyachora.

Filamu hizo mbili zilichukua vitu tofauti. Moja ilileta kamera na kupiga picha ya majabali yenyewe. Nyingine iliondoka na kumbukumbu tu, ikaenda kuzichanganya mezani mwa wachoraji. Kwa hiyo watoto huwa nawaambia ukweli: jiwe la Simba ni la kuchorwa, na ukilitafuta hapa ni kama kuitafuta nyumba ya Sungura wa hadithi za bibi. Ninachoweza kuwaonyesha ni jinsi bonde linavyobanwa na kuta mbili za mwamba halafu likafunguka bila kukuonya, na jinsi kundi la pundamilia linavyogeuka kuwa vumbi tupu likikimbia dhidi ya jua. Hapo mara nyingi mtoto mwenyewe husema, "Ndiyo hii!" Simpingi.

Huko Ulaya ziara za maeneo ya filamu ni biashara ya miaka mingi. Salzburg, kule Austria, wageni bado huendesha baiskeli kufuata nyayo za The Sound of Music, filamu ya mwaka 1965. Hapa kwetu jambo hili ni changa, na ninaona tunaweza kulifanya kwa namna yetu. Kazi ya kamera ni kuchagua, na anayechagua huacha. Mwongoza watalii anayekuonyesha tu mahali kamera iliposimama amekupa nusu ya safari. Nusu nyingine ni kukugeuza uangalie kilichokuwa nyuma ya mgongo wa mpiga picha.

Goti la mwalimu

Mwaka jana alikuja mwalimu mstaafu kutoka Kakamega na wajukuu wake wawili. Goti lake la kulia lilikuwa limemsumbua kwa miaka. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, wewe nenda na hawa watoto. Mimi nitawangoja getini na gazeti langu." Nikamwambia, "Mwalimu, endesha tu mpaka pale kwenye ule mgunga. Ukichoka, baiskeli nitairudisha mimi." Alipoufikia mgunga hakusimama. Wajukuu ndio waliolazimika kumkimbiza.

Hiyo ndiyo sababu nilihamia kwenye baiskeli za umeme. Za kawaida bado ninazipenda, na kijana mwenye mapafu mazuri hahitaji kingine. Lakini tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, barabara ni ya majivu ya volkano, na kurudi getini jioni unapigwa na upepo usoni. Kwa baiskeli za kawaida nilikuwa napoteza nusu ya kundi tukifika kwenye korongo. Wanafika, lakini wamechoka kiasi kwamba hawaoni kitu. Mtu anayehema hawezi kutazama mwamba.

Ni vizuri kuelewa chombo unachokalia. Baiskeli tunazotumia si pikipiki. Hakuna kishikio cha kuzungusha kuongeza mwendo. Ukikanyaga pedali, mota inakuongezea nguvu. Ukiacha, nayo inaacha. Kinachoiambia mota la kufanya ni kitambuzi kilichofichwa pale pedali zinapozungukia, na hapo ndipo bei nafuu na bei ghali huachana. Kitambuzi cha bei nafuu hujua jambo moja tu: pedali zinazunguka au hazizunguki. Kikihisi mzunguko kinafungulia nguvu, hata kama ulikuwa unazungusha polepole tu ili usianguke. Kitambuzi kizuri hupima uzito wa mguu. Ukikanyaga kwa upole, mota nayo inakuwa mpole. Ukikaza, inakaza pamoja nawe. Kwenye lami huenda usione tofauti. Kwenye majivu laini ya Hell's Gate, ile aina ya kwanza inakurusha mbele wakati gurudumu halijashika chini, na ndiyo iliyonipa wageni wengi wenye viwiko vilivyochunika mwaka wa kwanza.

Mota nayo huwekwa sehemu mbili: ndani ya kitovu cha gurudumu, au katikati ya fremu, pedali zilipo. Ya katikati hupitisha nguvu zake kwenye mnyororo na gia, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi kabla ya mlima, wewe na mota mnapumua pamoja. Ukisahau na kuanza mlima kwa gia nzito, utasikia mota inalalamika, na betri inashuka mbele ya macho yako. Gharama ya mota hii ni mnyororo. Majivu ya hapa ni kama msasa. Kila jioni mimi hufuta minyororo kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo napaka mafuta kidogo sana, kwa sababu mafuta mengi hukusanya vumbi na kufanya uji unaokula vyuma.

Sasa betri. Zangu ni za volti 36 na ampea-saa 14. Zidisha, upate wati-saa 504, yaani takriban nusu uniti ya stima, ile ile unayonunua kwa tokeni. Kuijaza hakuzidi sana bei ya chapati moja. Katika barabara za hifadhi, baiskeli zangu hutumia kati ya wati-saa 10 na 15 kwa kilomita, kulingana na uzito wa mtu, upepo, na jinsi alivyo na pupa na kile kitufe cha kuongeza msaada. Safari yangu ya kawaida haifiki kilomita 30, kwa hiyo hesabu inatosha, ila haina mengi ya kuchezea. Nilijifunza hilo kwa kijana mmoja kutoka Kisumu, mwendeshaji hodari, aliyekaa kwenye msaada wa juu kabisa tangu getini. Tulipoanza milima ya upande wa Olkaria, mstari wa mwisho wa betri ulikuwa ukimwekamweka. Baiskeli ya kilo 25 isiyo na mota mlimani inataka roho ngumu. Tulibadilishana, yeye akachukua yangu, nami nikaisukuma yake. Kosa lilikuwa langu, maana sikumweleza. Tangu siku hiyo, somo la kwanza kabla ya kuondoka ni hili: panda milima kwa msaada wa kati, teremka bila msaada, na ile nguvu ya juu iwe akiba kama pesa ya dharura.

Kila kundi lina mtu mmoja anayeuliza kama betri hujichaji tukiteremka. Haijichaji. Kwenye mota ya katikati, ukiacha kukanyaga, gurudumu linazunguka peke yake bila kuizungusha mota, kwa hiyo hakuna cha kurudisha umeme kwenye betri. Mteremko ni zawadi ya upepo tu, na inatosha.

Ukimya wa chombo hiki ndio baraka yake, na ndio hatari yake. Twiga hukuacha upite karibu kuliko gari lolote, anageuza tu shingo. Pofu, ambaye kwa kawaida hutoroka mapema, nimewahi kumpita akiwa bado anatafuna. Lakini nyati hapendi kushtuliwa, na kwenye vichaka vya leleshwa nyati mzima hupotea kama kwamba hakuwepo. Kwa hiyo tunapiga kengele kabla ya kila kona iliyoziba, tunaendesha mmoja nyuma ya mwingine, na nikiinua mkono wote wanasimama na kushuka. Mgeni akiona naharibu ukimya mzuri kwa kengele, namwelezea tukiwa tunaenda. Nyati aliyekusikia toka mbali huondoka au husimama ukamwona. Yule mliyekutana naye ghafla ndiye wa kuogopa.

Kuhusu kuleta baiskeli yako ya umeme: uliza kwanza kwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, getini, hasa kama yako ina kishikio cha kuongeza mwendo bila kukanyaga. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fanya hivyo ukiwa bado na mtandao mzuri. Weka uji mzito wa kuziba pancha ndani ya matairi, maana miiba ya migunga haina huruma, na punguza upepo kidogo kuliko ulivyozoea barabarani ili tairi lilale juu ya majivu.

Mnara, na jicho moja

Ukiingia kwa Elsa Gate, lango lililopewa jina la simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, ambaye makazi yake ya zamani, Elsamere, yako kando ya ziwa, jabali la kwanza linalokusimamisha ni Fischer's Tower. Lina urefu wa mita 25 hivi, limesimama peke yake. Ni lava iliyogandia kwenye koo la volkano ya kale. Udongo na mawe laini yaliyolizunguka vikaondolewa na mvua na upepo kwa maelfu ya miaka, kizibo kikabaki. Pimbi wamelifanya kijiji chao. Ukiweka ndizi kwenye kikapu cha baiskeli hapa, hesabu si yako tena.

Fischer huyo ni Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 na kurudishwa nyuma na Wamaasai. Jina la mtu aliyezuiwa ndilo lililobaki kwenye ramani. Waliomzuia wana hadithi yao kuhusu jabali hilo hilo: msichana aliyekuwa akipelekwa kwa mume, akaonywa asigeuke kulitazama boma la kwao. Akageuka, akawa jiwe. Huwa nazisimulia zote mbili hapo hapo chini ya mwamba, na hiyo ya msichana naianza kwanza, kwa kuwa ndiyo ya kwanza.

Hapa ndipo huwa natoa somo langu la kamera, na ndipo huchukua muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa ndipo wageni hulalamika. "Mbona kwenye filamu majabali yalikuwa makubwa kuliko haya?" Hawajadanganywa, na macho yao hayana kasoro. Majabali ni yale yale. Kilichobadilika ni umbali kati ya kamera na mtu.

Tufanye hesabu. Mchukue binti mwenye urefu wa mita 1.7, msimamishe mita 200 mbele ya mnara. Wewe simama mita 2 kutoka kwake na simu yako. Kwenye picha, mnara utakuwa mdogo mno, karibu sehemu moja ya saba ya urefu wa binti. Utatokeza begani mwake kama kisiki. Sasa mwache alipo, wewe rudi nyuma mpaka mita 40, halafu vuta picha kwa lenzi ndefu mpaka yeye awe na ukubwa ule ule wa mwanzo. Mnara sasa umekuwa zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Hakuna aliyesogeza jiwe. Ulipokuwa karibu naye, mita zako 2 zilimpa yeye ukubwa usio wake. Uliporudi nyuma, mnara haukuwa tena mbali mara mia kuliko yeye, bali mara sita tu, ukapata haki yake. Waongozaji wa filamu hulijua hili kama mpishi anavyoijua chumvi. Wanapotaka shujaa aonekane mpweke na mdogo mbele ya ulimwengu, wanarudi nyuma na lenzi ndefu. Wanapotaka umhisi akihema, wanasogea.

Huwa nawaomba wafumbe jicho moja, watengeneze fremu kwa vidole, na watembee kurudi nyuma taratibu huku wakimtazama mwenzao aliyesimama. Macho mawili yanaujua umbali na hukataa kudanganywa; jicho moja linakuwa kamera. Mjukuu mkubwa wa mwalimu alirudi nyuma mpaka akakaribia kugonga ngiri aliyepiga magoti akila majani. Akapiga yowe la furaha. Tangu hapo kila tulipofika hakutaka kujua tena nani alisimama wapi, alitaka kujua kamera ilisimama wapi.

Jambo la pili ni mwanga. Tuko chini ya digrii moja kutoka ikweta, na jua letu hupanda na kushuka karibu wima. Saa sita mchana kuta za mwamba hazina kivuli, na picha inakuwa bapa kama karatasi. Asubuhi baada ya lango kufunguliwa saa kumi na mbili, jua likiwa mgongoni mwako unapoelekea kwenye korongo, nguzo za lava kwenye kuta hutokeza moja moja, kama vidole. Nguzo hizo zilitokea lava ilipopoa na kusinyaa, ikapasuka kwa mistari ya kusimama, vile matope ya bwawa yanavyopasuka wakati wa kiangazi. Tumbusi na mbayuwayu wanajenga viota humo. Ile rangi ya dhahabu ambayo filamu huipenda hapa haikai. Anayetoka nchi za kaskazini huzoea jioni ya saa nzima. Kwetu ukifungua mkoba kutafuta kamera, jua limeshashuka. Kwa hiyo wanaotaka picha nawaondoa mtaani Karagita, kando ya ziwa, kabla hakujapambazuka, na chai tunainywa chini ya mnara kutoka kwenye flaski.

Korongo

Kutoka Elsa Gate mpaka kituo cha askari kwenye korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8. Baiskeli zinaachwa hapo, na uvae viatu vyenye meno. Kuta ni za tabaka za majivu na lava, nyekundu, kijivu, nyeupe. Mahali fulani zinakaribiana mpaka unazigusa zote mbili ukinyoosha mikono. Chemchemi za maji moto hutiririka ukutani, na ukiweka kidole utakiondoa upesi. Vipande vya obsidiani, jiwe jeusi la kioo, viko chini njiani. Watu wa kale walilitengenezea visu, na makali yake bado yanakata. Litazame, liache lilipo.

Aliyelichimba korongo hili ni Ziwa Naivasha lenyewe. Maelfu ya miaka iliyopita, wakati mvua zilikuwa nyingi kuliko sasa, ziwa lilijaa likafurika kuelekea kusini, na hii ndiyo iliyokuwa njia yake. Leo ziwa halina mto wa kutokea juu ya ardhi. Korongo limebaki kama kitanda cha mtu aliyehama.

Maji, hata hivyo, hayajasahau njia. Aprili 2012 watu saba walikufa humu kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019, wengine saba. Namna inavyotokea ndiyo inayotisha: mvua hunyesha mbali kwenye vilima, juu yako mbingu ni buluu, na maji yanakuja yakiwa yamekusanywa na mabonde yote ya juu kuingia kwenye mfereji mmoja mwembamba. Mtu hana pa kupandia. Filamu inaweza kumwonyesha shujaa akikimbia mbele ya hatari ndani ya korongo na akaokoka. Mimi nasema waziwazi kwa kila kundi: hapa hakuna mbio za kuokoka, kuna kutoingia. Askari wakisema limefungwa, limefungwa, hata kama umetoka Busia usiku kucha kwa sababu yake. Na hata likiwa wazi, nikiona wingu zito upande wa Longonot, siwaingizi. Nimewahi kurudishiwa maneno makali na mgeni aliyelipa na kukosa korongo. Nilimwelewa, na nikamrudisha juu.

Siku ile ya mwalimu wingu lilikuwepo. Tulisimama ukingoni tu, tukatazama chini. Nilidhani wajukuu wangenuna, lakini babu yao akawaketisha kwenye mwamba, akawaeleza mvua ya vilimani inavyokuwa mto, kwa sauti ya mtu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na zaidi. Nikanyamaza nikajifunza.

Mabomba

Ukiendelea kusini na magharibi, barabara hupanda, na hapa ndipo mota inalipa deni lake. Halafu unasikia. Kwanza unafikiri ni upepo, kisha lori, kisha unaelewa kwamba ni ardhi. Hii ni Olkaria. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke hapa ulianza kazi mwaka 1981, kwa megawati 15, miaka mitatu kabla ya eneo hili kutangazwa hifadhi. Leo mvuke wa ardhini hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na mwingi wake unatoka kwenye vilima hivi.

Mabomba ya fedha na ya kijani yanapita mabondeni kwa kilomita nyingi, na sehemu nyingine yameinuliwa juu kama lango ili wanyama wapite chini yake. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Visima huchimbwa kilomita mbili, tatu kwenda chini, kwenye mwamba wenye joto kali. Maji yaliyonaswa humo hupanda yakiwa mvuke na maji moto. Mvuke unatenganishwa, unapelekwa kwa bomba, unazungusha tabo, yaani magurudumu ya mapanga yanayoendesha jenereta, na maji yaliyobaki hurudishwa ardhini. Moto ule ule uliousukuma Fischer's Tower kooni mwa volkano ndio unaochemsha sufuria hii.

Kwa anayetengeneza filamu ya pori lisiloguswa, bomba ni adui. Anageuza kamera digrii chache, anashusha lenzi, bomba linatoweka, na watazamaji wa London na Chicago wanaona Afrika ya mwanzo wa dunia. Mimi huwageuza wageni kinyume chake. Nawaambia watazame bomba, halafu watazame betri iliyo chini ya mapaja yao. Stima iliyowaleta kutoka getini, jana usiku ilikuwa soketini kwangu. Na kabla ya soketi, sehemu yake kubwa ilikuwa mvuke kwenye bomba kama hili. Huendeshi tu katika mandhari. Mandhari ndiyo inayokuendesha.

Na kuna watu, ambao nao kamera iliwaweka pembeni au ikawavisha ilivyotaka. Olkaria ni neno la Kimaa, linahusu udongo mwekundu wanaojipaka mamorani. Mwaka 2014 vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, wa megawati 140, wakapelekwa mahali panapoitwa RAPland. Umeme ninaousifu una historia hiyo ndani yake, na nikiongoza ziara bila kuitaja nitakuwa nimefanya kile kile cha mpiga picha. Kina mama wanaouza shanga karibu na njia ni majirani zangu. Wageni wangu husimama, husalimia kwanza, kisha hununua wakitaka. Picha ya mtu huombwa, na akikataa, amekataa.

Mwalimu alisimama pale kwenye kilima muda mrefu, mguu mmoja chini, ule wenye goti bovu umepumzika kwenye pedali. Akauliza, "Kwa hiyo hii ndiyo inayowasha taa kule kwangu Kakamega?" Nikamwambia, "Stima zote zinachanganyikana njiani, Mwalimu, lakini ndiyo, na hii imo." Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akavua helmeti, akalainisha nywele, akamwita mjukuu mkubwa, akampa simu.

"Nipige picha. Bomba lionekane. Na moshi ule."

"Ni mvuke, babu."

"Na mvuke ule. Na baiskeli. Na huyu binti aliyetuleta asimame hapa kando yangu."

Msichana akainua simu, akatutazama kwa jicho moja, akaishusha. Akageuka, akaanza kutembea kurudi nyuma barabarani, akihesabu hatua kwa sauti, mpaka alipofika arobaini.